Mguu Ulioteleza Kwenye Barafu

Mama yangu hakuweza kuomba hata kijinga cha moto bila kusalimu kwanza. Akienda kwa jirani asubuhi, sisi watoto tulijua chai imeshachelewa. Angeanza na jirani mwenyewe, aingie kwa mume wake, wapite watoto mmoja mmoja, yule aliyekuwa akikohoa juzi, mbuzi, maharage shambani, ndugu walioachwa Kongo, ndipo akumbuke moto. Na jirani, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwetu, alijibu yote, kisha akaanza yeye kuuliza. Mimi nilizaliwa na haraka. Nilisimama mlangoni nikizungusha macho mpaka yakauma.

Tulitoka milimani, juu ya Uvira, mwaka ule wa tisini na sita vita vilipoanza, na baada ya kuhangaika huku na huko tukapewa kiwanja Rubondo, ndani ya kambi ya Nakivale, Uganda. Baba alifia njiani. Ng'ombe walibaki kule na sijui waliliwa na nani. Mama alifika na sisi, na sindano yake, na salamu zake. Vitu vingine vyote tulipewa na watu, kuanzia turubai hadi jembe, lakini hivyo viwili vilikuwa vyake mwenyewe. Wakati ule sikuona hivyo. Niliona mzee anayepoteza muda wa watu.

Sindano ndiyo iliyotulisha. Mama alijua kutarizi tangu usichana: vitambaa vya meza, mashuka, foronya, maua pembeni na maneno katikati. Karibu Mgeni. Mungu ni Pendo. Kila nyumba ya Mkongo inayojiheshimu ina kitambaa cha namna hiyo juu ya kiti, hata kama kiti chenyewe ni gogo. Mama aliwakusanya wanawake wa kanisa letu dogo la udongo, wakawa wanakaa alasiri kwenye mabenchi, kila mmoja na kazi yake magotini. Mimi ndiye niliyekwenda Mbarara kununua nyuzi na kuuza kilichokwisha. Nilikuwa nimesoma Kifaransa kidogo kwetu na Kiingereza hapo kambini, basi nikawa karani, mkalimani na mchukuzi. Mshahara wangu ulikuwa kulalamika.

Mwaka mmoja kanisa lilipata mgeni, mama wa Kizungu wa makamo, mwenye duka dogo la vitu vya nyumbani katika mji wa baridi huko kwao. Hakuwa mtu wa shirika, hakuja na gari lenye bendera. Aliletwa na mchungaji, akaketi benchi moja na mama, mimi katikati nikitafsiri. Mama akaanza salamu zake. Nilitaka kuzipunguza, nikijua wageni wana saa mikononi, lakini mgeni alikuwa akinitazama mdomoni, akingoja kila neno, na akajibu yote. Mume hana. Watoto hana. Ng'ombe hana.

“Sasa uko na nini, mama?” mama yangu akauliza, kwa huruma ya kweli.

Mgeni akacheka. Akasema ana paka, na ana mama yake mzee. Majira ya baridi yaliyopita mama yake aliteleza kwenye barafu mbele ya mlango wa nyumba yake, akavunjika mguu, na mguu ule umekataa kupona.

Mama hakuwahi kusikia kwamba barafu inaweza kutanda njiani kama matope. Alidhani nimekosea kutafsiri, akanirudisha nyuma. Alipohakikisha, aliweka kitambaa chini akashika mkono wa mgeni. “Pole, mama. Pole sana. Kumbe hata kwenu njia inaangusha bantu?” Wakazungumza juu ya mguu ule mpaka chai ikapoa vikombeni: unavimba wapi, anaukanda nani, anauweka juu ya nini akilala. Biashara ilizungumzwa mwisho kabisa, wote wakiwa wamesimama.

Mgeni alinunua vitambaa vyote tulivyokuwa navyo. Alisema watu wa kwao hununua vitu vya namna ile kabla ya Krismasi, na kwamba vikiuzika atataka vingine, mwaka hadi mwaka. Tushone, tukiwa tayari tumwandikie barua pepe, naye atatujibu tutume vingapi. Aliandika anwani yake kwenye kipande cha karatasi, akakumbatia kila mwanamke, akaondoka. Jioni ile wanawake waliimba wakirudi nyumbani, na mimi nami niliimba, maana kwa mara ya kwanza tangu tufike Rubondo kulikuwa na mtu mahali fulani duniani anayetaka kitu kutoka kwetu.

Wakashona kwa miezi. Kisha ikaja siku ya kuandika.

“Andika,” mama akasema, ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyosha. “Mupendwa katika Bwana, minakusalimia kwa jina kubwa ya Yesu. Miye ni ule mama mujane, mukimbizi wa vita ya Kongo, mwenye ulikaa naye pa benchi.”

“Mama, anakujua.”

“Atanijua namna gani kama sijajitaja? Barua haina sura.”

Nikaandika. Alisalimia duka, akasalimia majirani wa duka, akasalimia paka. Alimwomba Mungu ampe mgeni baraka, riziki na maisha marefu. Halafu akafika kwenye mguu, na hapo sauti yake ikashuka, kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa. Mguu ya mama yako inaendelea namna gani? Anatembea? Hapa tuko tunauombea kila Jumapili. Na kweli walikuwa wakiuombea. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu mchungaji akiutaja mguu ule mbele ya kusanyiko zima. Mwisho kabisa ukaja mstari mmoja wa kazi: vitambaa viko tayari, utuambie ni ngapi.

Mbarara nilikuwa na kafe yangu ya intaneti, ghorofani, karibu na soko. Mwenye kafe alikuwa Munyankore, mwenyeji wa huko, mnene, mchangamfu, aliyekuwa na ng'ombe kijijini, akiwazungumzia kuliko kompyuta zake. “Agandi, nyabo?” angesema, yaani habari gani, mama, na usipojibu vizuri hakuwashii mashine. Yeye ndiye aliyetufungulia sanduku la barua pepe, na ndiye aliyelitunza pamoja na ya wateja wengine wengi wasiojua kitu, kama mimi. Niligeuza maneno ya mama kuwa Kiingereza, salamu zote na paka ndani, nikabonyeza. Barua ikaenda. Nilirudi Rubondo nimekaa juu ya lori la ndizi, roho nyeupe.

Jibu halikuja.

Kila nilipokwenda mjini nilipanda ngazi zile kwanza, kabla hata ya nyuzi. Kila niliporudi mama alikuwa amesimama pale njia inapokata kuelekea kisimani, na nilimwona anavyotazama uso wangu kabla sijashuka.

“Iko jibu?”

“Hakuna.”

Tukaandika ya pili, ndefu kuliko ya kwanza. Tukaandika nyingine. Mimi nilishaamua kwamba yule Mzungu ametusahau, kwamba alipofika kwao alituweka kabatini pamoja na kofia yake ya jua, na nilimsema vibaya sana nikiwa jikoni. Mama hakukubali hata siku moja. Wala hakuwa na hofu ya vitambaa, na hilo ndilo lililonichoma.

“Ule mama yake amezidiwa,” alisema. “Mutu hanyamaze hivi bure. Ni mguu.”

Krismasi ikaja ikapita. Vitambaa vilijaa kwenye sanduku la bati, mama akavitia majani ya kufukuza wadudu. Wanawake wakaanza kupungua kwenye mabenchi. Mmoja alikwenda Masha kulima mashamba ya watu. Mwingine alirudi kwenye nyanya. Hakuna aliyegombana na mama, walikuja wakasalimu vizuri, wakaeleza, wakaondoka. Alasiri nyingine nilimkuta peke yake kanisani, sindano mkononi, akitarizi kitambaa ambacho hakuna aliyekiagiza.

Nilipokwenda Mbarara tena nilikuwa nimebeba barua nyingine ya mama, na hasira. Mwenye kafe alikuja kusimama nyuma yangu nikiandika, akasoma juu ya bega langu, kisha akaanza kucheka, tumbo likitikisika.

“Nyabo, wewe nasalimia watu kama mwizi.”

Nilimgeukia. Nadhani alishtuka, maana aliacha kucheka. Akanivutia kiti kwenye mashine yake mwenyewe, akafungua mahali ambapo sikuwahi kupaona, sanduku la taka, pale mashine inapotupa barua isizoziamini. “Soma,” akasema.

Nikasoma. Mpendwa katika Kristo, nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Mimi ni mjane wa vita vya Kongo. Mpendwa, mimi ni mkimbizi, naandika kwa machozi. Mungu akupe baraka na maisha marefu wewe na nyumba yako. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na kila moja ilianza kama mama yangu. Chini zaidi ndipo yalipokuja masanduku ya dhahabu, marehemu jenerali, na ombi la namba ya benki.

“Hii watu ni wezi,” akasema mwenye kafe. “Dunia yote najua hii maneno. Sasa mashine ya kule, ikiona mjane, ikiona Kongo, ikiona Mungu mingi, inatupa. Haisomi mpaka chini. Kwa vitambaa haifiki. Na mtu ya duka anapata hii takataka kila siku, so anaambia mashine iwe kali.”

Nilikaa pale nikiwa nimefura. Kuibiwa nilishazoea; njia nzima kutoka Uvira tuliibiwa, sufuria, blanketi, redio ya baba. Sikujua kwamba hata salamu za mtu zinaweza kuibwa, zikavaliwa na mwizi, halafu mwenyewe akija na salamu zake akafungiwa mlango.

Kumweleza mama kulinichukua jioni nzima. Mashine alielewa haraka. Ambacho hakukielewa ni kwa nini adhabu iwe yake.

“Sasa nipige hodi bila kusema miye ni nani?”

“Ndiyo, mama.”

“Nisiulize mguu?”

“Uliza baadaye. Kwanza barua ifike.”

Akachambua maharage yaliyokuwa kwenye ungo, akatoa mawe, akaendelea kutafuta mawe hata yalipokwisha. “Ni wewe unajua mambo ya mashini,” akasema mwisho. “Kata.” Akaingia ndani. Barua ile niliiandika peke yangu, kwa mara ya kwanza bila sauti yake. Ilikuwa hivi: Vitambaa viko tayari tangu mwaka jana. Bado unavihitaji? Tutume vingapi? Niliisoma nikaona ni barua nzuri ya biashara, na niliionea aibu.

Safari yangu iliyofuata jibu lilikuwa limefika.

Mgeni wetu alikuwa amefurahi na amechanganyikiwa. Alisema alikuwa akituandikia tena na tena, mbona tulikuwa kimya? Vile vitambaa vya kwanza viliisha vyote kabla ya Krismasi na watu wakaulizia vingine. Alitungoja, kisha rafu haiwezi kukaa tupu, akanunua vya watu wengine wa nchi nyingine, na sasa amefungamana nao. Angeweza kuchukua vichache tu. Alisikitika. Mwisho wa barua aliandika: Mwambie mama yako kwamba barua yake ya kwanza ilinifikia, na sijawahi kupata barua kama ile. Nilimjibu kila kitu, mstari kwa mstari. Natumaini alilisoma jibu langu.

Nilimwita mwenye kafe. Alisoma, akajikuna shingo, akakaa kwenye kiti kilicholalamika chini yake.

Mambo yalikuwa hivi. Mteja wake mmoja, mzee wa Isingiro, aliwahi kuliwa na wezi wa barua pepe mpaka akauza shamba la migomba. Mwenye kafe aliumia sana, maana mzee yule alidanganywa kwenye kompyuta yake, akinywa chai yake. Tangu siku ile akayaamuru masanduku yote aliyoyatunza yasipokee barua ila kutoka kwa anwani ambayo mteja mwenyewe amempa. Nyingine zote ziende takani, na taka ijichome yenyewe kila mwezi. Mimi nilimpa anwani ya kwenye karatasi. Mgeni, kwa kuwa hiyo ilikuwa kazi ya duka, alitujibu kwa anwani ya duka. Safari hii tu ndipo alipotumia ile ya kwenye karatasi.

“Mimi nilikuwa nalinda nyinyi,” akasema, na alikuwa akisema kweli.

Akatafuta takani, nikiwa nimemwegemea begani. Kulikuwa na matangazo ya dawa na ya bahati nasibu. Jibu la mgeni halikuwepo, lilikwisha kuungua siku nyingi. Nilitaka kumkasirikia mtu, nikamtazama usoni nikashindwa, ananihurumia kuliko ninavyojihurumia. Aliniagizia soda nikaiacha mezani.

Mama alikuwa pale pale njia inapokata.

“Iko jibu?”

“Iko, mama. Na kumbe ile ya kwanza pia alijibu.”

Uso wake ulifunguka, nikaona meno yake yote. Sijui kama niliwahi kumwona hivyo tangu milimani. “Si nilisema! Sasa mguu? Alisema nini juu ya mguu?”

“Sijui, mama. Jibu lile limepotea.”

“Limepotea fasi gani?”

“Hakuna mahali. Limepotea tu.”

“Kitu haiwezi potea bila fasi,” akasema. Alinitazama kama ananingoja nikumbuke nilikoliangusha. Tungeweza kurudi nyuma kulitafuta njiani, yeye upande huu na mimi upande ule, angekuwa radhi kwenda hadi Mbarara kwa miguu. Tukatembea kwenda nyumbani.

Basi nikauliza. Mstari mmoja, mkavu, ili mashine isishtuke: Mama yangu anauliza mguu wa mama yako unaendeleaje. Na jibu likaja, fupi vile vile. Mama yake alikwisha kufa. Ulikuwa ni mguu huo huo, damu iliganda ikapanda. Alikufa kabla ya barua yetu ya kwanza kufika. Nilimweleza mama yako yote katika lile jibu, aliandika. Nilimweleza yeye kabla ya baadhi ya ndugu zangu, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza.

Nilimsomea mama nikiwa nimesimama. Alishika kichwa.

“Mwaka muzima,” akasema. “Mwaka muzima niko namuuliza mguu ya marehemu. Na ule mutoto analia peke yake, miye namusalimia paka.”

Mtu wa kwetu akifiwa, hukai nyumbani kwako ukangoja habari. Unakwenda, unaketi chini, unalia naye. Kutokwenda ni kumwambia kwamba maiti wake hakuwa mtu. Mama alikuwa amekosa matanga, na hakuna aliyemwambia kulikuwa na matanga. Hakuwaza sana. Alioga, akavaa kitenge chake cheusi, akapita nyumba kwa nyumba. Wanawake wakaja. Yule wa Masha alikuja na udongo miguuni, yule wa nyanya aliwaachia watu nyanya zake. Mikeka ikatandikwa kanisani, wakaketi chini, miguu wameinyosha, khanga na vitenge vimefungwa kichwani. Mchungaji akauliza jina la marehemu. Hakuna aliyelijua.

“Mama ya mwenye duka,” mama akasema. “Iliteleza kwenye barafu.”

Wakaimba. Kwanza niliona haya, nikafikiri mtu wa nje akipita atatuona wendawazimu, kumlilia Mzungu ambaye hatujui hata sura yake. Lakini wimbo ulipofika katikati nikasikia mmoja analia kwa sauti isiyokuwa ya adabu tena, na nikajua anamlilia mama yake mwenyewe, aliyemwacha amekaa chini ya mti njiani kwa sababu hakuweza kutembea zaidi. Kisha mwingine. Wengi wetu tulikimbia bila kuketi matanga ya mtu yeyote. Mimi nilimlilia baba. Sikuwa nimemlilia, kulikuwa na haraka. Nilimtamani vibaya sana alasiri ile, harufu ya maziwa kwenye koti lake.

Matanga yalipokwisha mama alitoa kwenye sanduku la bati kitambaa cheupe kikubwa kuliko vyote. Hakuniita niandike. Alinitaka nimwandikie kwa penseli, kwa Kiingereza, juu ya kitambaa chenyewe, pembezoni kote, alichonitajia. Yote yalikuwemo: Mpendwa katika Bwana, mjane, mkimbizi wa vita vya Kongo, benchi, duka, paka. Na palipokuwa na mguu, sasa pole. Aliyafuata maneno yale kwa sindano, herufi moja moja za lugha asiyoijua, kwa uzi wa buluu, kiangazi chote. Wanawake walimsaidia maua. Tulikitia kwenye kifurushi pamoja na vile vichache vilivyoagizwa, tukapeleka posta ya Mbarara, na karani wa posta hakuuliza kimeandikwa nini. Alikipima akagonga muhuri.

Jibu lilikuwa fupi, mashine ililipitisha: Vimefika vyote salama. Kile cheupe siuzi. Kiko kwenye meza ya mama yangu.

Mama alinifanya nisome tena na tena. “Aksanti,” akasema, akiongea na karatasi.

Duka lile halikurudi kutuagizia kama zamani. Rafu ilikuwa imeshachukuliwa, na mwenye duka mwenyewe baada ya muda akachoka akafunga. Tulipata wateja wengine, wachache wachache, kwa barua zangu kavu. Kikundi hakikufa, lakini mabenchi hayakujaa tena. Wala mama hakuniamuru kuandika tena. Aliniachia mimi na mashine yangu.

Ila lile jibu la kwanza hakulisahau. Tungekuwa tumekaa, yeye anatunga uzi sindanoni, macho yameanza kumsumbua, ghafla anasema, “Ile jibu yenye ilipotea. Unazani alianza na nini?”

“Alianza na habari za safari yake, labda.”

“Hapana. Angeanza na Bwana. Namujua.” Kisha angefikiri. “Halafu angeniambia paka iko muzima. Halafu angesema, mama, kaa chini kwanza.”

Hivyo tuliliandika lile jibu, alasiri baada ya alasiri, mimi na yeye, bila karatasi. Kila mara lilikuwa refu zaidi. Mimi niliyekuwa nazungusha macho mlangoni nikajikuta naongeza vitu: theluji juu ya paa, majirani waliokuja kumpa pole, rangi ya kitambaa alichomfunika nacho mama yake. Mama angesahihisha, angekataa, angekubali. Halikufika mwisho. Alifariki mwanzo wa mvua, na tulimzika Rubondo, mbali na ng'ombe wake wote, na watu walikaa chini mpaka udongo ukawa baridi.

Sasa naishi Mbarara, chumba kimoja nyuma ya soko. Wanawake wa Rubondo bado wananiletea vitambaa, na mimi natafuta wanunuzi. Sihitaji tena ngazi za kafe, barua pepe iko kwenye simu yangu. Naandika vizuri. Jambo, bei, idadi, ahsante. Wanunuzi wananisifu kwamba sina maneno mengi. Nikiisikia sifa hiyo natamani kuwauliza kama wanajua inatoka wapi.

Kuna kitu kimoja sikubali mashine ifanye: isinichomee taka. Nilimwomba yule Munyankore mnene anionyeshe namna ya kuikataza, naye akanionyesha, hakuniuliza sababu. Nikimaliza kazi za siku nafungua sanduku la taka. Wamo humo wote. Mpendwa katika Kristo. Nakusalimu kwa jina kubwa la Bwana. Mimi ni mjane wa vita vya Kongo. Najua ni wezi, najua wameketi mahali fulani wakicheka. Lakini siku nzima nimeandikiwa na watu ambao hakuna aliyenijulia hali, na hawa wanasalimu. Nasoma kwa sauti, polepole, kwa lafudhi ya kwetu, na kwa mistari miwili mitatu mama yangu ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyosha. Naacha pale dhahabu inapoanza.

Nimesoma nyingi. Wanajua kuuliza nyumba, wanajua kuombea baraka na maisha marefu. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeuliza mguu wa mtu.